Kompyuta ndogo zisizo na feni kwa mtandao wa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kompyuta ndogo za x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD) zenye ganda la alumini na poti kadhaa za mtandao, zile ambazo watu wengi huziita "boksi", zinapotumika kama ruta ya nyumba. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

## Mambo ya msingi

1. Boksi la aina hii linafanya kazi gani hasa?

Linachukua nafasi ya ruta. Waya wa mtoa huduma unaingia poti moja, vifaa vya nyumbani vinaunganishwa poti nyingine, na katikati programu kama OPNsense au OpenWrt inagawa anwani za IP, inapitisha paketi na kuzuia zisizotakiwa. Ndani ni kompyuta ya kawaida yenye prosesa, RAM na diski. Tofauti iko kwenye ganda: prosesa imegandamizwa kwenye alumini yenye mapezi, na joto linatoka lenyewe bila feni.

Faida ya kwanza ni ukimya. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi kwa kifaa kisichozimwa mwaka mzima, ni kwamba hakuna kinachozunguka. Feni ndogo hujaa vumbi na kukwama kimyakimya, na hugundui hadi prosesa imechemka. Gharama ya faida hiyo ni kwamba ganda lote ndilo kipoozaji, kwa hiyo mahali unapoliweka ni sehemu ya ubunifu wake (swali la 11).

2. Ruta ya mtoa huduma inafanya kazi. Kuna haja ya kubadilisha?

Kama nyumbani kuna simu tatu na televisheni moja, na hakuna anayelalamika, haja haipo. Malalamiko mengi ya "intaneti mbovu" chanzo chake ni Wi-Fi, na boksi hili haliigusi Wi-Fi.

Haja inakuja unapotaka kutenga kamera na vifaa vya bei rahisi wasione kompyuta zako, kuingia nyumbani kwa VPN (njia iliyosimbwa kupitia intaneti) ukiwa mbali, kuwa na laini mbili za intaneti ili moja ikifa nyingine ipokee, au kuzuia mtu mmoja anayepakia video asiharibu simu za wengine. Inakuja pia pale ruta ya zamani ilipoacha kupata masasisho ya usalama. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo zito kuliko yote.

3. Je, litanipa Wi-Fi?

Usilinunue kwa ajili hiyo. Baadhi ya maboksi huja na kadi ya Wi-Fi na antena mbili, lakini kadi hizo zimetengenezwa kupokea mawimbi, si kuyagawa. OPNsense na ndugu yake pfSense zimejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, ambako uwezo wa kugawa Wi-Fi ni dhaifu sana. Tumia kifaa cha Wi-Fi cha pembeni, au geuza ruta yako ya zamani kama ilivyoelezwa kwenye swali la 17.

4. Linakula umeme kiasi gani?

Boksi la Intel N100 lenye poti 4 hutumia kati ya wati 8 na 12 likiwa na kazi za kawaida. Likiwaka saa 24 kwa mwaka, hiyo ni kati ya uniti 70 na 105. Kompyuta ya mezani ya zamani iliyogeuzwa ruta hufika wati 40 hadi 60 kirahisi, kwa hiyo "nilikuwa nayo bure" si hoja inayodumu.

## Kuchagua boksi

5. Prosesa gani inatosha?

Kwa nyumba nyingi, Intel N100 inatosha na kubaki. Ilitoka mwaka 2023, ina viini 4, na inapitisha gigabiti 1 kwa NAT (vifaa vyote vya ndani kutumia anwani moja ya nje) bila kutoka jasho. Hata gigabiti 2.5 inaimudu. J4125 na N5105 za vizazi vya nyuma bado zinafaa kwa laini ya gigabiti 1. N305 yenye viini 8 ina maana kama utaendesha mashine pepe au ukaguzi mzito wa paketi kwa Suricata.

Epuka J1900, ambayo bado inauzwa kwenye maboksi yanayoonekana mapya. Ni prosesa ya mwaka 2013 na haina AES-NI, yale maelekezo ya ndani yanayoharakisha usimbaji fiche. VPN za OpenVPN na IPsec zitaburuta miguu. VPN ya WireGuard haitumii AES kwa kuwa inasimba kwa ChaCha20, lakini prosesa yenyewe bado ni mzee.

Prosesa ndilo jambo linalojadiliwa zaidi na linaloharibu mambo mara chache zaidi. Maboksi hukwamishwa na chipu ya mtandao, joto, na diski ya bei ya chini. Weka umakini wako huko.

6. Kwa nini kila mtu anauliza kuhusu i225, i226 na Realtek?

Kwa sababu chipu ya mtandao ndiyo kazi yenyewe ya boksi hili, na haibadilishwi: imeunganishwa kwenye bodi.

Intel i225-V ndiyo iliyoleta gigabiti 2.5 kwenye maboksi ya bei nafuu. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na kasoro ya vifaa kwenye nafasi inayoachwa kati ya paketi na paketi, na yakishikana na baadhi ya swichi (vifaa vya kugawa mtandao kwa waya), kasi ilishuka vibaya. Toleo la B3 lilirekebisha hilo. Ukinunua i225, muulize muuzaji toleo. Akikosa jibu, tafuta boksi jingine. i226-V ndiyo mrithi wake na ndiyo chaguo la kawaida leo, ingawa nayo ina tabia ya kujikata inapojaribu kuokoa umeme (swali la 21).

Realtek RTL8125 hufanya kazi vizuri kwenye Linux, kwa hiyo kwenye OpenWrt usiogope. Kwenye OPNsense utahitaji kusakinisha programu-jalizi ya os-realtek-re ili upate draiva ya mtengenezaji. Intel i210 na i211 ni za gigabiti 1 tu, lakini zimetulia kiasi kwamba kama laini yako haizidi gigabiti 1, hakuna aibu kuzichagua.

7. Nahitaji poti ngapi?

Mbili zinatosha: moja ya nje, moja ya ndani kwenda kwenye swichi. Boksi la poti 4 linafaa kwa laini ya pili ya intaneti au mtandao wa kamera uliotengwa kwa waya wake.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani poti 4 ni swichi. Kila poti ni kadi inayojitegemea. Unaweza kuziunga kwa daraja la programu, ila kila paketi kati ya kompyuta mbili za ndani itapita kwenye prosesa, na mpangilio unakuwa mgumu kurekebisha ukikosea. Swichi ndogo ya poti 5 au 8 inafanya hivyo vizuri zaidi.

Poti moja pia inawezekana, kwa swichi inayoelewa VLAN za 802.1Q: trafiki ya nje na ya ndani zinapita waya mmoja zikiwa na namba tofauti. Inafanya kazi, lakini usianze nayo kama ndiyo ruta yako ya kwanza. Adapta za USB kuwa poti ya pili ziache kabisa. Hupotea katikati ya usiku, hasa kwenye FreeBSD.

8. RAM na diski kiasi gani?

OpenWrt inaridhika na GB 1. OPNsense au pfSense ipe GB 8, na GB 16 kama utawasha Suricata yenye orodha ndefu za kanuni. N100 ina njia moja tu ya RAM, na maboksi mengi yana nafasi moja. Hakikisha unajua kama ni DDR4 au DDR5, maana haziingiliani.

Diski ya GB 128 inazidi mahitaji. Muhimu ni aina yake. Hifadhi ya eMMC iliyogandishwa kwenye bodi, na SSD zisizo na jina zinazokuja ndani ya maboksi, huchakazwa na maandishi ya kumbukumbu yanayoandikwa kila sekunde, na zikifa hufa bila onyo. Nunua SSD ya kampuni inayojulikana. Kabla ya kulipa, angalia kama nafasi ya M.2 (tundu la SSD) ni ya NVMe au SATA. Umbo linafanana, nyingi hukubali aina moja tu.

Usishangae maelezo yakisema NVMe ina njia 1 au 2 za PCIe (njia za data ndani ya bodi) badala ya 4. N100 ina njia 9 kwa jumla, na kila chipu ya mtandao inachukua moja. Hata njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha karibu MB 985 kwa sekunde, na ruta haitafika huko.

9. Ninunue lililo tupu au lenye RAM na diski?

Tupu, kama unaweza kushika bisibisi. Ukilinunua likiwa kamili, futa diski yote na usakinishe upya mwenyewe, hata kama limekuja na OPNsense tayari. Kifaa kitakachosimama mlangoni pa mtandao wako hakipaswi kuendesha mfumo uliowekwa na mtu usiyemjua.

10. Na vifaa vya mtumba je?

Vinaweza kuwa biashara nzuri. Dell Wyse 5070 toleo la Extended na Fujitsu Futro S920 zote hazina feni na zina nafasi ya PCIe ambapo unachomeka kadi ya poti 2 au 4, kwa mfano yenye chipu ya Intel i350. Angalia S920 yako kama ina kile kipande cha kugeuzia kadi ilale. Bila hicho kadi haiingii. Jihadhari na kadi bandia za Intel, ambazo ni nyingi sokoni, na hakikisha adapta ya umeme ni ya asili.

## Joto na umeme

11. Boksi linachoma mkono. Ni kawaida? Niliweke wapi?

Ganda la vuguvugu hadi moto ni dalili kwamba joto linatoka, na ndiyo kazi yake. La kutia wasiwasi ni kinyume chake: ganda baridi huku prosesa inasoma nyuzi 85, maana yake joto halifiki kwenye ganda (swali la 12). Usipime kwa mkono. Kwenye OPNsense nenda "System", kisha "Settings", kisha "Miscellaneous", chagua kihisi cha Intel, na namba zitaonekana kwenye ukurasa wa mbele.

Nyuzi 45 hadi 65 ni sawa kabisa. Nyuzi 70 hadi 80 kwenye chumba chenye joto zinavumilika, lakini SSD na kapasita zilizo jirani zinazeeka haraka. N100 huanza kujipunguza kasi karibu na nyuzi 105, na hupaswi kufika hata karibu ya hapo.

Weka boksi mapezi yakitazama juu, au lisimamishe wima ukutani ili hewa moto ipande kati ya mapezi. Acha sentimita 10 juu yake. Usilitie kwenye kabati lililofungwa, na usilipange juu ya modemu, kwa sababu modemu nayo inatoa joto na zote mbili zitapikana. Vumbi lifute kwa brashi laini kila baada ya miezi michache.

12. Ganda ni baridi lakini prosesa inachemka. Nifanyeje?

Karibu kila mara ni pesti ya prosesa, ile krimu inayopitisha joto kwenda kwenye ganda. Viwandani huwekwa kidogo mno, au huwekwa vizuri lakini kipande cha shaba kati ya prosesa na ganda hakijakaa sawasawa. Dawa ni kufungua na kurudia:

1. Zima, chomoa umeme, fungua skrubu za bamba la chini. Toa RAM na SSD.
2. Fungua skrubu zinazoshika bodi, kwa kawaida nne, kisha inyanyue taratibu. Ikigoma, izungushe kidogo kushoto na kulia; usiikwangue kwa bisibisi.
3. Angalia alama ya pesti ya zamani. Kama imegusa nusu tu ya prosesa, umeshapata mwizi wako.
4. Futa pande zote, pamoja na kipande cha shaba, kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.
5. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya prosesa. Kama kuna kipande cha shaba kinachojitegemea, kinahitaji pesti pande zote mbili.
6. Rudisha bodi, kaza skrubu kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo, ili igandamizwe sawa.

Wauzaji wengi pia huweka kikomo cha umeme cha prosesa juu kuliko ganda linavyoweza kubeba. Ingia BIOS (mipangilio ya awali ya kompyuta), tafuta "PL1" na "PL2", weka PL1 wati 10 na PL2 wati 15. Kazi ya ruta haitaona tofauti. Vipimo vya joto vitaona.

Ikishindikana yote, feni ya milimita 120 ya USB iliyolazwa juu ya mapezi kwa mzunguko mdogo hushusha joto sana. Ikifa, boksi linarudi lilivyokuwa, hakuna kinachoharibika.

13. Nikigusa ganda nahisi vichomi vidogo vya umeme. Kuna hatari?

Adapta zisizo na pini ya ardhi huvujisha mkondo mdogo sana kupitia kapasita zake za kuchuja kelele, na ganda la chuma linaufikisha kwenye ngozi. Ule mtekenyo mdogo ni kawaida, na huisha ukiunganisha skrubu ya ganda na ardhi, au ukitumia adapta yenye pini tatu. Ukirushwa mkono, hiyo si kawaida: chomoa kwenye soketi na utupe adapta.

Wakati huohuo angalia namba zake. Mengi ya maboksi haya hutumia volti 12. Ampea 3 zinatosha kwa N100, ampea 5 kwa prosesa kubwa. Kipenyo cha pini hutofautiana, na plagi ya 5.5 × 2.5 huingia kwa kulegea kwenye tundu la 5.5 × 2.1, huku ya 5.5 × 2.1 haiingii kwenye tundu la 5.5 × 2.5. Adapta dhaifu ndiyo huleta ule ugonjwa wa boksi kujizima lenyewe kila linapopata kazi nzito.

14. Umeme unakatika mara kwa mara. UPS ya ukubwa gani?

Jumlisha wati za vyote vinavyohitajika ili intaneti iendelee: boksi 10, modemu au kifaa cha faiba 8, kifaa cha Wi-Fi 8, jumla 26. Betri ya wati-saa 100, ukiondoa upotevu wa asilimia 15 hivi, itakupa saa 3 na robo. UPS ndogo ya volti 12 inayotoa umeme wa DC moja kwa moja inapoteza kidogo kuliko ile ya kugeuza kwenda AC kisha kurudi, ila soma ampea inazoweza kutoa kwa wakati mmoja.

Radi ni jambo jingine. Hupita pia kwenye waya wa mtandao, hasa ule unaotoka nje kwenda kwenye antena au jengo la pili. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kiungo cha kati ya majengo mawili kinafaa kuwa cha faiba.

## Kusimika

15. OPNsense, pfSense au OpenWrt?

OPNsense ilijitenga na pfSense mwaka 2015, na zote mbili ni ngome kamili za mtandao zenye kurasa za mipangilio zinazofanana kwa mengi. Kwa anayeanza leo tunapendekeza OPNsense, kwa sababu masasisho yake hutoka mara nyingi na yote yapatikana bila kujisajili. OpenWrt ni nyepesi, inaendesha Realtek na PPPoE (njia ya kuingia intaneti kwa jina na nenosiri la mtoa huduma) vizuri, na ndiyo chaguo letu kwa boksi dhaifu. Kwenye x86 tambua kwamba sehemu yake ya mfumo huja ikiwa ndogo, kama MB 100, na lazima uipanue mwenyewe hata kama diski ni ya GB 128.

16. Hatua za kusimika OPNsense ni zipi?

Anza na vifaa kabla ya mfumo. Andika Memtest86+ kwenye flashi na uiache iendeshe usiku mzima. Kosa hata moja likitokea, rudisha RAM, usijipe moyo. Kisha ingia BIOS, mara nyingi kwa kubonyeza Delete, na ufanye mambo matatu: zima "Secure Boot", weka "Restore AC Power Loss" iwe "Power On" ili boksi liwake lenyewe umeme ukirudi, na rekebisha saa.

1. Pakua picha ya aina ya "vga" na uhakiki alama yake ya SHA256. Ifungue kwanza kutoka .bz2, kisha iandike kwenye flashi kwa balenaEtcher au dd.
2. Unganisha skrini na kibodi. Usiunganishe bado waya wa modemu.
3. Washa ukichagua flashi. Ingia kwa jina `installer` na nenosiri `opnsense`.
4. Chagua mfumo wa mafaili wa ZFS, aina ya "stripe", na diski moja. ZFS hustahimili kukatika kwa umeme kuliko UFS.
5. Weka nenosiri jipya la root, maliza, chomoa flashi, washa upya.
6. Kwenye menyu ya skrini chagua 1 kupanga poti, kisha 2 kubadili anwani ya LAN (upande wa ndani). Badili sasa hivi kutoka 192.168.1.1 kwenda kitu kama 192.168.10.1/24, sababu iko kwenye swali la 18.
7. Unganisha kompyuta kwenye LAN, fungua anwani hiyo kwenye kivinjari, fuata mwongozo, kisha unganisha modemu kwenye WAN (upande wa nje) na usasishe mfumo.
8. Sakinisha programu-jalizi ya os-cpu-microcode-intel, inayosasisha maikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa.
9. Pakua nakala ya mipangilio kupitia "System", "Configuration", "Backups", na uihifadhi mahali pasipotegemea boksi hilo.

Kuhusu hatua ya 6: namba zilizochapwa kwenye ganda hazilingani kila mara na majina igc0, igc1 yanayoonekana kwenye mfumo. Usikisie. Chomeka waya mmoja baada ya mwingine, tazama ni jina lipi linaonyesha "up", na ubandike lebo.

17. Nageuzaje ruta ya zamani kuwa kifaa cha Wi-Fi tu?

Ingia kwenye mipangilio yake ukiwa bado hujaiunganisha na boksi. Ipe anwani isiyotumika ya mtandao mpya, mfano 192.168.10.2. Zima DHCP yake, ile huduma ya kugawa anwani. Kisha waya kutoka kwenye boksi au swichi uuchomeke kwenye poti mojawapo ya LAN. Poti yake ya WAN iache tupu. Ukisahau kuzima DHCP, vifaa vingine vitapata lango sahihi na vingine lango bovu, na utatafuta kosa siku nzima mahali lisipo.

## Yanayokwama

18. Boksi limepata anwani kwa modemu, lakini hakuna kinachofunguka.

Linganisha anwani za WAN na LAN. Modemu nyingi hugawa 192.168.1.x, na OPNsense, pfSense na OpenWrt zote huanza na 192.168.1.1. Pande zote mbili zikiwa na mtandao uleule, boksi haliwezi kujua paketi iende upande gani, kwa hiyo haiendi. Badili LAN.

Zikiwa tofauti na bado kimya, jaribu ping 9.9.9.9. Ikijibu huku majina hayafunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Hapo angalia saa kabla ya chochote: saa iliyorudi nyuma miaka, kwa kawaida kwa betri ya CR2032 iliyokufa, hufanya uhakiki wa saini za DNS (DNSSEC) ukatae kila jibu.

19. WAN haipati anwani kabisa, ruta ya zamani inapata.

Modemu nyingi hukariri MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya kifaa cha kwanza. Izime kwa dakika kadhaa, kisha iwashe ikiwa imeunganishwa na boksi tayari. Ikikataa, nakili MAC ya ruta ya zamani kwenye mipangilio ya WAN. Kama mtoa huduma anatumia PPPoE au VLAN maalumu, DHCP haitakupa kitu milele. Muulize jina la mtumiaji, nenosiri na namba ya VLAN.

20. Kasi ni ndogo kuliko ninayolipia.

Pima kwa waya, si Wi-Fi, na upime kupitia boksi. Kuendesha iperf3, programu ya kupima kasi, juu ya boksi lenyewe kunapima jinsi prosesa inavyozalisha data, jambo tofauti na kupitisha. Halafu angalia kama poti imekubaliana na kasi ya 100 badala ya 1000. Waya wenye jozi moja iliyokatika hufanya hivyo. Cat5e nzima inabeba gigabiti 2.5 hadi mita 100.

PPPoE kwenye FreeBSD ni kesi ya pekee. Paketi zinazoingia hazigawanywi kirahisi kati ya viini, kwa hiyo kiini kimoja hufika asilimia 100 huku vitatu vinapumzika. Kwenye laini ya gigabiti 1 na prosesa dhaifu utaliona hili waziwazi. OpenWrt kwenye boksi hilohilo huenda ikamaliza tatizo. MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya PPPoE ni 1492. Ukiiacha 1500, baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine zitaning'inia.

Kama umewasha usimamizi wa foleni, CAKE kwenye OpenWrt au FQ-CoDel kwenye OPNsense, kikomo huwekwa asilimia 85 hadi 95 ya kasi halisi. Kupoteza hicho kidogo ndiko kunakofanya simu za video zisikatike mtu akipakia mafaili, na tunaona ni biashara nzuri.

21. Poti ya i226 inajikata na kurudi baada ya sekunde chache.

Badilisha waya kwanza. Kisha zima "ASPM" kwenye BIOS. Kwenye Linux zima pia EEE (kama ASPM, ni njia ya kuokoa umeme): `ethtool --set-eee enp1s0 eee off`, na uizime kwenye swichi kama inaruhusu. Ikiendelea, lazimisha gigabiti 1 kwa siku mbili. Ikitulia, shida ni maelewano ya 2.5 kati ya chipu na kifaa cha upande wa pili.

22. VPN haifikiki nikiwa nje.

Tazama anwani ya WAN. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Ikianza na 10, 192.168 au 172.16 hadi 172.31, uko nyuma ya NAT ya modemu au ya mtoa huduma. Ya modemu utaiondoa kwa kuiweka "bridge". Ya mtoa huduma haifunguki upande wako. Omba anwani ya umma, tumia IPv6, au kodi seva ndogo nje na boksi liipigie kwa WireGuard. Kama anwani ni ya umma, hakikisha kanuni ya WAN inaruhusu UDP 51820 (poti ya kawaida ya WireGuard), si TCP.

23. Naweza kuweka OPNsense ndani ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) pamoja na huduma nyingine?

Inawezekana, na N100 ina VT-d ya kukabidhi poti moja kwa moja kwa mashine pepe. Lakini kila Proxmox inapowashwa upya, nyumba nzima inakosa intaneti, ikiwemo wewe unayetafuta suluhisho. Anza na OPNsense peke yake. N5105 ilipata sifa mbaya hapa kwa mashine pepe kuzimika ovyo. Dawa ni kusasisha maikrokodi kabla ya kuitegemea.

24. Nimeandika kanuni mbaya na nimejifungia nje.

Unganisha skrini na kibodi, au waya wa serial kwa kasi ya 115200 kama boksi lina poti ya "COM" au "Console". Kwenye menyu ya OPNsense chagua 13, "Restore a backup", kisha nakala ya kabla ya kosa. Mfumo hujihifadhia nakala kila unapobadilisha kitu. Umesahau nenosiri, chagua 3. Chaguo la 4 linafuta yote na kurudisha LAN kwenye 192.168.1.1, na hapo ndipo utaihitaji ile nakala ya hatua ya 9 kwenye swali la 16.